Sauti Niliyompa Scolastica

Mwaka juzi nilikuwa kwenye treni, behewa la daraja la tatu, natoka Tabora kwenda Kigoma. Mbele yangu alikaa mama mmoja na mwanawe wa miaka mitano hivi. Mtoto akashika kitumbua kwa mkono mchafu. Mama akampiga kikofi.

"Unataka kuwa kama Mama Tope?"

Mtoto akalia. Nikamuuliza huyo Mama Tope ni nani.

"Ni maneno tu ya kwetu Mpanda, babu," akasema. "Lakini mwenyewe yupo. Bibi mmoja wa Magamba. Alimuua mtoto wake kwa uchafu, mpaka wakamwonyesha kwenye sinema."

Lile jina nilimpa mimi.

Nieleze. Nimetembea sana katika maisha yangu. Shule nimeisoma vipande vipande, darasa la pili Urambo, la nne Kasulu, la sita sikulimaliza. Nimepika kambi za tumbaku, nimekuwa utingo, nimeuza vitambaa, nimechimba dhahabu nikapata vumbi. Ila kazi niliyoipenda kuliko zote niliifanya miaka miwili na nusu, kuanzia mwaka wa sabini na sita. Nilikuwa msemaji wa gari la sinema.

Vijana mnaokaa mabanda ya video mnawajua hawa wanaotafsiri filamu za Wachina na Wahindi, wanachomeka na vichekesho vyao humo humo. Sisi tulifanya hivyo kabla hawajazaliwa, na kwetu hakukuwa na la kutafsiri. Mradi wetu wa afya ulikuwa na kamera moja ya zamani isiyochukua sauti. Walipiga filamu bubu, wakatuletea mikanda na karatasi ya maneno ya kusema. Tunafika kijijini na Landrover, jioni tunatundika shuka jeupe, tunawasha jenereta, mimi nashika kipaza sauti. Watu wa kwenye shuka wanafungua midomo, mimi nawasemea. Mume, mke, daktari, mtoto anayelia, wote mimi, Evarist.

Nyota wetu walikuwa wawili, wote watu wa Magamba. Thadei aliigiza mume mlevi. Scolastica aliigiza mke asiyechemsha maji. Walicheza filamu tatu. Kwa Mpanda ya wakati ule, ambayo ilikuwa bado mkoa wa Rukwa, hakukuwa na sura zinazojulikana kupita zile mbili. Wakipita sokoni watu waliacha kupima mahindi. Lakini hakuna aliyewahi kusikia sauti zao kwenye ile mikanda. Walisikia yangu.

Karatasi niliyopewa ilikuwa kavu. "Wananchi, maji yasiyochemshwa ni hatari kwa afya." Kijiji cha kwanza, nadhani ilikuwa Katumba kwa wakimbizi wa Burundi, watu walianza kuondoka kabla mkanda haujafika nusu. Bosi wangu akaninong'oneza, "Fanya kitu, wanaondoka." Pale kwenye shuka Scolastica alikuwa amepiga magoti kando ya dimbwi, shavu limejaa tope. Nikabana pua nikatoa sauti ya kike: "Mimi ndiye Mama Tope! Kuni za nini, na jua lote hili?"

Walicheka hao! Waliokwisha kuondoka walirudi mbio.

Kuanzia siku hiyo karatasi niliitupa. Kila kijiji niliongeza chumvi. Mwishoni mwa filamu mtoto anakufa, Scolastica anageuka, anatazama kamera usoni na kusema kwa muda mrefu, midomo inakwenda tu. Karatasi iliandika hapo: "Mama anajuta." Mimi nikaweka kichekesho kile kile, kwa kilio: "Jamani, mwanangu! Lakini kuni za nini, na jua lote hili?" Watu walijipiga mapaja. Watoto walikwenda nacho nyumbani wakikiimba.

Na Magamba kwenyewe tulionyesha. Scolastica alikaa mstari wa mbele, amevaa kanga mpya, ndugu zake wote wamekuja. Nilimwona. Ilipofika ile sehemu ya mwisho alisogea mbele kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nikasema kichekesho changu, uwanja mzima ukalipuka. Akainuka akaondoka. Nilimwona akiinuka, hilo sitalificha. Nikajiambia amekwenda kujisaidia, nikaendelea kusema.

Mradi ulipokufa watu waligawana vitu. Mimi nilichukua sanduku la bati lenye mkanda mmoja, ule wa maji. Nimehama nao miaka yote hiyo kama mtu anayehama na kitanda. Baada ya yale maneno ya kwenye treni nilikwenda Dodoma kwa kijana mmoja anayejua mambo hayo. Kuvu ilikuwa imekula mwanzo wa mkanda, lakini sehemu kubwa ilitoka, akaniwekea kwenye memori kadi. Mwaka huu, mvua zilipokatika, nikapanda treni ya Mpanda. Nilikuwa na neno moja tu la kumwomba Scolastica: anisamehe. Na nilikuwa na kitu cha kumpa. Nilitaka aseme mwenyewe yale aliyoyasema, tumrekodi, tutie sauti yake kwenye filamu, yangu ife.

Magamba si mbali na mjini. Bodaboda alinishusha kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, mahindi yameanikwa uani juu ya turubai. Binti mmoja alikuwa anayageuza kwa miguu. Bibi alikaa kibarazani akipukuchua, uso ameuelekeza barabarani lakini macho hayanifuati. Yalikuwa meupe katikati.

"Hodi hapa."

Mikono ya yule bibi ikasimama.

"Aneth," akamwambia binti, "huyo mtu amevaaje?"

"Koti, bibi. Ni mzee. Ana begi."

"Mwambie aseme tena."

Nikasema, "Hodi, mama. Naitwa…"

"Unaitwa nani sijui. Lakini sauti naijua." Akatupa gunzi chini. "Miaka arobaini na tisa. Ningeisikia sokoni penye watu elfu ningeijua. Karibu, bwana sinema. Aneth, mletee kigoda mgeni. Siyo kile kizuri."

Aneth akacheka kwa aibu, akaniletea kigoda kilichopasuka. Nikakaa kwa uangalifu. Nikajitaja, nikasema nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Tabora, lakini yalinitoka yamevurugika, hili mbele, lile nyuma. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na Thadei umemwomba?"

"Yuko wapi?"

"Makaburini kwa Wakatoliki, mwaka wa tisini na moja." Akachukua gunzi jingine. "Wewe unajua Thadei alikuwa hanywi? Baba yake alikuwa katekista. Kwenye ile sinema alikunywa maji ya mchele. Sasa baada ya hapo kila akipita kilabuni wanamwita, mume wa Mama Tope, njoo, kunywa hii, halafu tembea kama kwenye sinema! Anakunywa moja, anatembea, wanacheka. Mtu akichekewa hivyo anaona anapendwa. Miaka kumi na tano alitembea hivyo. Mwisho akawa hawezi kutembea vingine."

Nikamwambia nimekuja na filamu, iko humu kwenye kadi. Aneth akafurahi kuliko sisi wote. Hakuwahi kumwona bibi yake akiwa msichana, picha hata moja hawana. Akaitia kadi kwenye simu yake, akasogea katikati yetu.

"Bibi, umetokea! Ebu ona. Ai, samahani."

"Mimi sioni," akasema Scolastica. "Hili jicho naona mwanga, hili hata mwanga sioni. Basi bwana sinema, fanya kazi yako. Nisemee. Ila leo sema unachokiona. Usiongeze."

Nikashika simu kwa mikono miwili. Nikaanza kama zamani, sauti ikapanda yenyewe. "Anatokea mwanamke, mchafu, mvivu…"

"Mchafu umemwona wapi?"

Nikatazama. "Ana kanga. Ameifunga kifuani."

"Ikoje?"

"Safi. Imepigwa pasi, mistari inaonekana."

"Niliipiga mimi, kwa pasi ya mkaa ya shangazi. Mvivu umemwona wapi?"

"Amebeba ndoo kichwani. Na nyingine mkononi."

"Ehe. Sasa unaona. Endelea."

"Amepiga magoti kwenye dimbwi. Shavuni kuna tope."

"Alinipaka yule mwenye kamera. Alichota kwa vidole viwili, akanipaka kama mafuta ya ubatizo. Akasema bila hivyo picha hainogi. Endelea."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Mkanda ule nimeuonyesha labda mara mia mbili, na nilikuwa sijauona. Nilikuwa naangalia watu waliokaa, nategea wacheke. Sasa niliona mambo. Nyuma ya Scolastica, kwenye dimbwi lile lile, kulikuwa na ng'ombe wamesimama na maji yamewafika tumboni. Nikamwambia. Akaitika kwa kichwa kama mtu anayesahihishiwa daftari.

Tukafika mwisho. Mtoto amelazwa mkekani, Scolastica anageuka.

"Sasa anatazama huku," nikasema. "Anafungua mdomo."

"Simamisha," akasema.

Aneth akasimamisha.

Scolastica akafuta mikono kwenye kanga. "Yule bwana wa kamera alituambia, semeni chochote, nyie chezesheni midomo. Halafu akatuambia filamu itafika mpaka Dar es Salaam, wakubwa wataitazama. Mimi nikayaweka pamoja hayo mawili. Nikawaza, kama wakubwa wananitazama, nitawaambia. Siku mbili nilijifunza nikiwa jikoni. Kwa Kiswahili, siyo Kikonongo chetu, ili wasikie. Sikujua kama mashine ile haina masikio. Nilidhani sauti inaingia pamoja na sura. Kwani mtu unamchukuaje sura ukamwacha sauti?"

"Ulisema nini, mama?"

"Aneth, iachie."

Aneth akaiachia. Na yule bibi, kichwa amekiinua, akasema polepole, na mimi macho yangu yako kwenye ile midomo ya msichana:

"Nyie mnaonitazama huko mbali. Mimi ni Scolastica wa Magamba. Haya maji tunakunywa pamoja na ng'ombe. Kuchemsha ninachemsha, kila siku. Lakini ukichemsha tope unapata tope la moto. Tuleteeni kisima. Watoto wanakwisha."

Alimaliza mapema kidogo, msichana wa kwenye simu akawa bado anasema. Scolastica akakumbuka. "Na nikasema asanteni," akaongeza. Midomo ile ikafunga.

Kilikuwa Kiswahili chepesi, jamani. Mtoto wa darasa la pili angekisoma kwenye midomo ile kama angetazama. Mara mia mbili.

"Mwanangu wa kwanza alikwenda mwaka wa sabini na nane," akasema. "Kuhara. Siku tatu. Maji yale yale. Nimekaa msibani nasikia wanawake nyuma yangu. Mmoja anasema, kuni za nini. Mwenzake anamalizia. Wanajibanabana wasicheke. Sikuwalaumu sana. Kilikuwa kinachekesha."

Aneth alikuwa ameacha kutazama simu. Nadhani hakuwa ameambiwa habari ya mtoto huyo.

Nikapiga magoti pale kibarazani, juu ya mahindi. Nikasema mama, nisamehe. Nikasema sasa hivi tunarekodi, Aneth ataweka sauti yako kwenye filamu, watu wote wataisikia.

"Watu wote gani?"

"Kwenye simu. Mtandaoni."

"Waliocheka wapo kwenye simu?" Akatikisa kichwa. "Inuka, unaniharibia mahindi. Sikiliza. Wewe hukunipitisha kwenye simu. Ulipita kijiji kwa kijiji, kwa mdomo wako. Basi rudi huko huko, kwa mdomo huo huo. Kila uliposema yako, kasema yangu. Ukishasema, mpigie Aneth uniambie. Hapo ndiyo uniulize habari ya kusamehe. Nikikusamehe leo, wewe utalala. Mimi je?"

"Mama, ni vijiji zaidi ya thelathini. Na magoti haya."

"Ulikuwa na gari wakati ule," akasema. "Pole."

Aneth alinisindikiza barabarani. Akaniuliza, "Babu, utakwenda kweli?" Nikasema nitakwenda. Akasema, "Bibi hasemi mara mbili." Akaniandikia namba yake kwenye daftari langu, ukurasa ule ule nilioandika majina ya vijiji.

Nilianza na Kibaoni, maana huko ndiko walikocheka kuliko kote, mpaka mtu alianguka kwenye baiskeli. Basi la asubuhi lilinipitisha Sitalike na mbuga yote, nikafika gulio limekolea, mpunga na mahindi kila upande. Nilizunguka kwanza kama mnunuzi. Watu wengi pale hawakuwa wamezaliwa mwaka wa sabini na sita. Nikatafuta wazee. Chini ya kibanda cha mabati nikamkuta mmoja wa Kisukuma anauza kamba za ng'ombe, jina lake Makoye. Nikamwamkia kwa lugha yake.

"Mwangaluka, mzee mwenzangu. Unakumbuka gari la sinema? Zamani, uwanja wa ile shule."

Akaninyooshea kidole. "Mama Tope!" Akaweka kamba chini. "Nilikuwa nimefika na ng'ombe wa baba yangu mwezi ule ule kutoka Shinyanga, Kiswahili sikijui. Kile kilikuwa Kiswahili changu cha kwanza!" Akabana pua. Akatoa sauti ya kike, na ilikuwa ni yangu, pale pale nilipoipandisha, pale pale nilipoivuta: "Kuni za nini, na jua lote hilii?"

Vijana waliokuwa karibu wakacheka. Wengine wakasogea. "Mzee Makoye, rudia!" Akarudia. Nikaona uso wake umekuwa kijana.

"Yule msemaji ni mimi," nikasema.

"Acha uongo!"

"Ni mimi."

Akanishika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Akawaita watu, njooni nyie, njooni mumwone. Walikuja kama ishirini. Wakasimama wakingoja. Nakiri hapa jambo: kwa muda kidogo nilifurahi. Ulimi ulishajikunja kusema kile wanachokingoja. Ulikuwa unakijua wenyewe.

Nikasema, "Yule mama jina lake ni Scolastica. Haya niliyoyasema mimi hakuyasema. Aliyoyasema ni haya." Nikayasema yote, nisiongeze. Ng'ombe, tope la moto, kisima, watoto wanakwisha, asanteni. Sauti yangu yenyewe, sikubana pua.

Kijana mmoja akauliza, "Halafu?" Nikasema ndiyo mwisho. Mwingine akamwambia mwenzake, "Ni muuza dawa huyu, subiri atoe chupa." Walipoona sitoi chupa wakaondoka mmoja mmoja. Makoye akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona fundi amesahau kazi.

"Ile yako ilikuwa nzuri zaidi," akasema. Akarudi kwenye kamba zake. Nikamsikia akibana pua, akijifanyia mwenyewe, taratibu.

Nilikaa juu ya gunia tupu karibu na mama mmoja muuza mchele. Walimwita Bernadetha. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo, kisado cha kupimia kiko mkononi. Akanimiminia maji kwenye kikombe.

"Na kisima walileta?" akaniuliza.

"Nini?"

"Hicho alichoomba. Walileta?"

Sikuwa najua. Nilimaliza asubuhi nzima Magamba, sikuuliza. Nikampigia Aneth pale pale, akampa bibi yake simu.

"Umesema?" akaniuliza.

"Nimesema, mama."

"Sijauliza hivyo. Wamesikia?"

Nikamtazama Makoye. "Wamecheka," nikasema. "Ile yangu."

Nikasikia kuku huko kwake, na mahindi yakigeuzwa.

"Mmoja amesikia," nikasema. "Yupo hapa. Anauliza kama kisima kililetwa."

Nikamsikia akimwambia Aneth aache kugeuza mahindi.

"Mwambie kililetwa elfu mbili na tisa," akasema. "Pampu ya mkono. Imeharibika mara mbili, sasa inafanya kazi. Mwambie maji yake ni mazuri." Akakohoa. "Mwambie na jina langu, kama atataka kujua."

"Anajua. Nimeshamwambia."

"Haya. Kesho unakwenda wapi?"

Nikafungua daftari nikamsomea. Akasema huko ni mbali, nibebe maji. Habari ya kusamehe hakuitaja, na mimi sikuuliza. Simu ikakatika. Nikamgeukia Bernadetha, nikamwambia: aliomba mwaka wa sabini na sita, kililetwa elfu mbili na tisa.

Akahesabu kwa vidole. Hakucheka.